Zege Halilali

Saa kumi na moja alfajiri Gilgil huwa na baridi ya kukufanya uwaze upya maamuzi yako yote. Mimi nilikuwa na moja kubwa la kuwaza. Miezi minne kabla ya hapo nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka wa pili, karo ilipokataa kutimia na mimi nikachoka kuomba. Mjomba, kaka yake mama, ni fundi wa mjengo. Aliniangalia viganja, akacheka kidogo, akaniambia, "Kesho tunamwaga slabu. Kuja na buti, usikuje na hizo raba."

Kwenye mjengo wa Kenya kuna watu wa aina mbili: fundi na mtu wa mkono. Fundi ana mwiko, pima maji na maneno mengi. Mtu wa mkono ana mkono. Ndiye anayebeba, anayekoroga, anayepanda ngazi, na jina lake likikosekana kwenye daftari ya asubuhi hakuna anayeuliza. Siku hiyo tulikuwa 27, mafundi wanne na wa mkono 23. Malipo yalikuwa shilingi 700 badala ya 500 za kila siku, kwa sababu siku ya slabu si siku ya kawaida. Miksa ya kukodi inanguruma chini, karai linajazwa, linapanda ngazi ya kwanza, linapokelewa, linapanda ya pili, linamwagwa, linarushwa chini tupu. Karai likijaa lina uzito wa mtoto wa nasari, na watoto hao wanakuja mmoja baada ya mwingine hadi jioni. Saa nne mwenye mjengo alileta mkate na soda. Ni lazima. Asiyelisha watu siku ya slabu, habari zake hufika Kikopey kabla nyama ya huko haijaiva.

Watanzania wana msemo: zege halilali. Wanautumia kwa mapenzi, kwa biashara, hata kwa siasa, kumaanisha jambo likishaanza lisingoje kesho. Lakini asili yake ni mjengo kabisa. Simiti ikikutana na maji, saa imeanza kuhesabu. Baada ya saa mbili hivi mchanganyiko unaanza kushika, na ukimwaga zege jipya juu ya lile lililokwisha shika, hayaungani. Unabaki na mshono ndani ya slabu, na mshono ni mlango wa maji na wa matatizo. Kwa hiyo mkishaanza, hakuna kupumzika mpaka ukuta wa mwisho.

Nilielewa hiyo siku ya kwanza. Kitu ambacho sikukielewa ni kilichofuata. Kesho yake mjomba aliniambia wengine wote wameachiliwa, mimi nibaki. "Wewe utalinda slabu." Kuilinda na nani? "Na jua."

*

Usiku, mgongo ukiuma, nilianza kutafuta historia ya slabu kwenye simu. Nilidhani itaanzia Ulaya, lakini neno lenyewe lilinipeleka Pwani. Sakafu imetoka Kiarabu, saqf, na kwa Kiarabu maana yake ni paa. Kwetu likashuka likawa la chini, pale unapokanyaga. Ukizifikiria nyumba za mawe za Lamu na Unguja, utaona mantiki yake. Paa zake zilikuwa bapa, na mtu akiongeza orofa, paa la aliye chini linakuwa sakafu ya aliye juu. Hiyo ni slabu tayari, karne nyingi kabla ya miksa ya kukodi.

Ilijengwa hivi. Unapanga boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti hizo zilikuwa na urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani vya Lamu ni virefu na vyembamba: mti ndio ulioamua upana wa chumba. Juu ya boriti unalaza vipande vya matumbawe. Juu ya matumbawe unamwaga zege la kokoto za matumbawe, mchanga na chokaa. Na chokaa yenyewe ni matumbawe yaleyale, yaliyochomwa juu ya rundo la kuni, yakamwagiwa maji na kuachwa yalainike, mara nyingi kwa miezi.

Kisha inakuja sehemu iliyonifanya niweke simu chini kidogo. Zege hilo lilipigwa. Watu walijipanga kwa mistari juu ya paa wakiwa na vipande vya mbao, wakapiga kwa mdundo mmoja, siku baada ya siku, wimbo ukiwaongoza. Kupiga huko kulitoa maji ya ziada, kukafunga nyufa zilizoanza, kukashindilia kila kitu mpaka paa likaweza kusimama chini ya mvua ya masika. Unguja ya karne ya 19, wengi wa wapigaji hao walikuwa watumwa, wanawake kwa wanaume. Wageni waliopita waliziandika nyimbo hizo kama burudani ya mji. Majina ya waliokuwa wakiimba hawakuyauliza. Mtu wa mkono, basi, si cheo kipya.

Kusini zaidi, Kilwa, walithubutu hata zaidi. Husuni Kubwa, jumba la sultani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari, lilikuwa na kuba na vyumba vya tao vya zege la chokaa na matumbawe, bila kipande cha chuma ndani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo. Mabaki ya kuba hizo bado yapo.

Chokaa ina tabia moja ambayo kila fundi wa Pwani aliijua: haina haraka. Inashika kwa kuvuta hewa ya kaboni kutoka angani, polepole, ikirudi kuwa jiwe ilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Hiyo ni kazi ya miezi, hata miaka. Huwezi kuiambia kuna mpangaji ameshalipa diposti.

*

Haraka ililetwa na mtu wa Leeds, Uingereza. Mwaka 1824 fundi wa matofali aitwaye Joseph Aspdin alipewa hataza ya unga aliouita simiti ya Portland, kwa sababu ukishika unafanana na jiwe maarufu la huko Portland. Simiti tunayonunua leo ni mjukuu wa unga ule. Mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi huchomwa pamoja hadi nyuzi 1,450 hivi, yanatoka madonge magumu, yanasagwa na jasi kidogo ili yasishike haraka kupita kiasi. Unga huo hauhitaji hewa ya kaboni. Unahitaji maji tu, na badala ya miezi unaanza kushika kwa saa.

Kitu cha pili kilikuwa chuma. Zege linapenda kukandamizwa na linachukia kuvutwa. Chuma hakijali kuvutwa. Mwaka 1867 Mfaransa Joseph Monier, mtunza bustani, alipata hataza ya vyungu vya maua vya simiti vyenye nyaya ndani. Mwaka 1892 Mfaransa mwingine, François Hennebique, akawa na mfumo kamili wa nguzo, boriti na slabu za zege lenye vyuma. Kuanzia hapo urefu wa mti wa mkoko haukuamua tena upana wa chumba chako.

Kenya simiti ilikuja kwa meli, kwa ajili ya bandari, reli na nyumba za wakubwa. Mwaka 1933 kampuni ya East African Portland Cement ilianza kusaga simiti Nairobi kwa kutumia madonge kutoka nje. Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kampuni iliundwa mwaka 1951 na kiwanda kikaanza uzalishaji mwaka 1954. Na Bamburi ilichimba nini? Mawe ya matumbawe ya kale. Jiwe lilelile la Lamu na Kilwa, sasa likiingia kwenye tanuri la kiwanda badala ya rundo la kuni. Kuna slabu nyingi za bara hii ambazo, ukizifuata nyuma vya kutosha, unafika baharini.

Lakini simiti kuwepo nchini ni jambo moja, na kuimwaga kwako ni lingine. Gilgil ilikuwa ndani ya eneo walilotengewa walowezi wazungu, na sheria ya mwaka 1939 ikalichorea mipaka rasmi. Mwafrika aliishi humo kama mfanyakazi au skwota, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Sasa fikiria: nani atamwaga sakafu ya simiti mahali anapoweza kufukuzwa baada ya mavuno? Unajenga kwa udongo, miti na nyasi, vitu unavyoweza kuviacha bila kulia. Hadi leo tunazipanga nyumba kwa kiasi cha uhakika wa mwenyewe. Kuna nyumba ya mabati. Kuna semi-pamaneti, kuta za mbao au mabati lakini sakafu ya simiti. Na kuna pamaneti. Shosho akisema "sasa nina nyumba ya pamaneti", hazungumzii vifaa vya ujenzi. Anakuambia hahami tena.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 nyumba nyingi zilichomwa Bonde la Ufa. Mbao zikaungua, mabati yakajikunja. Waliorudi kutazama walikuta slabu, nyeusi na tupu, na mistari ya mahali kuta zilikuwa zimesimama. Slabu ndiyo kitu cha mwisho nyumba inachokubali kupoteza.

*

Turudi kwenye ngazi, kwa sababu historia yote hii hujaribiwa siku moja, na watu waliochoka.

Slabu ya chini, ile inayolala juu ya ardhi, huanzia chini kabisa. Udongo wetu wa Gilgil ni wa volkano, mwepesi, wa kupeperuka. Ukinywa maji hushuka ghafla. Kwa hiyo unatoa ule wa juu, unajaza mawe ya hadikoo, unashindilia, unafunga mianya kwa maramu au vumbi la kwari, unatandika karatasi ya plastiki nyeusi ili unyevu usipande, unalaza waya wa BRC. Herufi hizo tatu ni za kampuni ya Uingereza iliyouza waya huo, British Reinforced Concrete. Kampuni imesahaulika, jina limebaki kwa mafundi wetu kama jina la kitu chenyewe. Kisha unamwaga zege, milimita 100 kwa nyumba ya kawaida.

Slabu ya juu ni hatari zaidi, kwa sababu chini yake kutakaa watu. Inamwagwa juu ya mbao zilizoshikiliwa na nguzo, na Gilgil nguzo ni mikaratusi. Vyuma vinanyanyuliwa kwa vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi wanaviita biskuti, ili zege lipite chini yake na kuvifunika. Katikati ya chumba chuma kikuu kinakaa chini, kwa sababu hapo ndipo slabu inapovutwa. Kwenye balkoni ni kinyume: chuma lazima kiwe juu. Na kila siku ya slabu kuna mtu wa mkono, amechoka, anakanyaga chuma cha balkoni kikashuka chini, na hakuna anayemwambia kwamba ameigeuza balkoni kuwa mtego. Mimi nilikanyaga. Mjomba alinipigia kelele mbele ya watu, na nilikasirika kwa wiki nzima. Siku hizi nashukuru.

Mchanganyiko uliozoeleka ni moja kwa mbili kwa nne: simiti, mchanga, kokoto. Kila mtu anaujua huo. Namba inayosahaulika ni ya maji. Mwaka 1918, Chicago, mtafiti Duff Abrams alichapisha matokeo ya maelfu ya majaribio yake, na sheria yake inaingia kwenye mstari mmoja: kadiri maji yanavyozidi kwa kila kipimo cha simiti, ndivyo zege linavyokuwa dhaifu. Mfuko wa kilo 50 na lita 25 za maji, mchanga ukiwa mkavu, ni mchanganyiko mzuri. Ongeza ndoo ya lita 10 na unaweza kupoteza thuluthi ya nguvu au zaidi. Maji ambayo simiti haikuyahitaji hutoka baadaye na kuacha matundu madogo madogo, kama mkate.

Sasa ona shida. Zege lenye maji mengi linateleza vizuri. Linashuka kwenye karai lenyewe, linajisambaza, haling'ang'anii koleo. Saa tisa mchana, mabega yakiwa moto, kila mtu kwenye ule mstari anataka maji zaidi. Jamaa wa miksa anasikia kelele kutoka juu, "Weka maji!", na anaweka. Hakuna mwovu hapo. Kuna miili iliyochoka tu, na vaibreta ya kukodi iliyozima kitambo ikaachwa kando. Viwanja vikubwa hutumia koni ya chuma ya sentimita 30: unaijaza zege, unaiinua, unapima limeporomoka kiasi gani. Sisi tulikuwa na jicho la mjomba, na jicho la mjomba lilikuwa upande wa pili wa slabu.

Kumalizia nako kuna mtihani wake. Mafundi wawili wanavuta mbao ndefu iliyonyooka kama wanaopasua kwa msumeno, wanakata vilima na kujaza mabonde. Kisha maji yanapanda juu yenyewe na slabu inang'aa kama imetoka jasho. Hapo unangoja. Fundi mwenye haraka hunyunyiza simiti kavu ili inyonye yale maji, anapiga mwiko, anaenda nyumbani. Ametengeneza ngozi nyembamba isiyoshikana na nyama iliyo chini yake. Kama umewahi kupanga nyumba ambayo kila ukifagia sakafu inatoa vumbi jipya la kijivu, ufagio hauna makosa. Uliishi juu ya dakika arobaini ambazo mtu hakuzingoja.

Mjomba aligeuza ndoo akaikalia. Baadaye akakanyaga ukingoni: buti likizama sana, bado, likiacha alama ya nusu sentimita hivi, anza. Mbao kwanza, kwa mizunguko. Kwenye sakafu ya mwisho, ile ya kuishi, chuma hufuata, na niru kwa wanaopenda kung'aa. Slabu yetu ya juu iliachwa na mikwaruzo ili sakafu ya mwisho ipate pa kushika. Tulimaliza na tochi za simu.

*

Kesho yake ndipo nilipoanza kulinda.

Tunasema zege limekauka. Ni neno baya kwa kazi hii. Nguo hukauka. Zege linaiva. Simiti na maji vinafanya mmenyuko unaotengeneza jiwe jipya, na mmenyuko huo unaendelea kwa muda wote ambao maji yapo. Maji yakitoroka, kazi inasimama pale ilipofika. Ndiyo maana wahandisi huponda vibuyu vya mraba vya zege, milimita 150 kila upande, siku ya 7 na siku ya 28. Kwa simiti ya kawaida, siku ya 7 nguvu huwa zimefika kama thuluthi mbili ya zile za siku ya 28. Zingine unazingoja.

Na Gilgil inatoroshea maji haraka. Tuko juu, karibu mita 2,000, hewa kavu, upepo wa mchana hauombi ruhusa. Upepo unaweza kunyonya uso wa slabu kabla maji ya ndani hayajapanda, ukaacha nyufa nyembamba kama nywele siku ileile ya kumwaga. Dawa yake ni ya kizamani: magunia mabichi, plastiki, au vituta vya mchanga vinavyozunguka slabu ili ishikilie kidimbwi. Siku 7 zisipungue. Siku 14 ni bora.

Kuna sababu nyingine ya kungoja, na imeandikwa kwenye mfuko. Ukiona CEM IV, hiyo ni simiti iliyochanganywa na pozolana, majivu ya volkano, na ni ya kawaida sana kwenye maduka yetu. Si simiti mbaya. Warumi walitumia majivu ya aina hiyo pamoja na chokaa, na kuba la Pantheon mjini Roma, mita 43 bila chuma, limesimama tangu karibu mwaka 126. Lakini pozolana hufanya kazi polepole kuliko simiti tupu, na bila maji haifanyi. Tunanunua unga wenye tabia ya babu halafu tunaudai kasi ya boda.

Kilomita chache kutoka Gilgil kuna Kariandusi, ambako Louis Leakey alichimba na kukuta mashoka ya mawe ya karibu miaka milioni moja. Kando yake kuna machimbo meupe ya dayatomaiti, mwamba mwepesi uliotengenezwa na mabaki ya vijimea vidogo vya ziwa la zamani vikizama kimoja kimoja. Huko nje vumbi kama hilo pia hutumika kama pozolana. Nilikaa juu ya slabu na bomba langu la maji nikiwaza mambo haya yote. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Namwagia asubuhi, saa sita, jioni. Katikati nasoma.

Maji yalikuwa ya punda. Mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, mitungi 30 kwa siku: shilingi 600. Siku ya tatu mwenye mjengo alipiga hesabu hiyo mbele yangu, akapanda ngazi, akagonga slabu kwa kisigino.

"Si hii imekauka?"

"Mzee, imeshika. Haijaiva," mjomba akamwambia. "Tupe wiki."

"Fundi, mimi nalipia maji ama nalipia nyumba?"

Siku nne zilizobaki zingemgharimu shilingi 2,400. Punda hakurudi. Siku ya tisa alitaka mikaratusi itolewe, ipelekwe ploti yake nyingine. Mjomba alibisha tena, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye watoto watatu shuleni. Nguzo za slabu kama ile hukaa wiki mbili hadi nne. Kisha akanyamaza, akaniangalia. Mimi ndiye niliyeigonga ya kwanza kwa nyundo.

Haikuanguka. Nataka liwe wazi, kwa sababu najua unangoja ianguke. Ilishuka kidogo katikati ya chumba kimoja, kama godoro la zamani, na ufa ukatokea upande wa chini, mrefu, kutoka taa hadi ukutani. Wakaupiga plasta, wakaupaka rangi nyeupe. Wapangaji wakaingia mwezi uliofuata.

*

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la orofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, na karibu watu 50 wakafa. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya zaidi ya siku tatu. Wakuu walisema jengo hilo lilikuwa limeshaorodheshwa kubomolewa. Sisemi slabu yetu ni Huruma. Nasema tu kwamba majengo hayaamki asubuhi moja yakaamua. Yanajengwa kwa ndoo moja ya ziada, chuma kimoja kilichokanyagwa, siku nne za maji ambazo mtu hakulipia, nguzo moja iliyogongwa na kijana anayeogopa kukosa kibarua. Mara nyingi jumla yake haitoshi kuua. Tunaishi ndani ya hiyo "mara nyingi".

Mjomba hafanyi tena kazi na yule mtu. Mimi bado hufanya mjengo wiki ambazo maandishi hayalipi, na nikipewa kulinda slabu nakubali kabla bei haijatajwa.

Chumba chenye ufa kinakaliwa na mama mmoja anayeuza maandazi kwenye lango la ploti. Nilinunua kwake karibu mwaka mzima bila kusema kitu. Mwezi uliopita nilimwambia. Nilimweleza maji, siku tisa, nguzo, nyundo. Aliendelea kugeuza maandazi.

"Kijana wangu, hapa nalipa elfu tatu na nusu. Unataka niende wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikalipa maandazi yangu nikaanza kuondoka, akaniita.

"Ni upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole kutoka nje, kupitia mlango uliokuwa wazi: kutoka kwenye taa, hadi ukuta wa dirisha. Alitazama juu muda mrefu kidogo.

Jumamosi nilipopita, kitanda cha mtoto kilikuwa kimehamishiwa upande wa mlango.